Maji ya Juu

Huku Mang'ola mvua yenyewe si habari. Ikinyesha kwetu italowanisha vumbi, itatuozeshea vitunguu vilivyokwisha kung'olewa, kisha itakwenda zake. Tunachokiogopa ni wingu lililosimama kwa watu wengine. Jua linawaka hapa kama kawaida, mbuzi wamejibanza kwenye kivuli cha ukuta, na kule Oldeani mlima umegeuka mweusi. Hapo ndipo watu wanapoanza kuitana. Maji yanayonyesha kule hayabaki kule. Yanashuka na korongo kavu, na yanapokufikia hakuna hata tone lililoanguka kwenye bati lako. Hayo tunayaita maji ya juu. Yale ya chemchemi, yanayotoka ardhini na kwenda mashambani kwa mifereji, tunayaita maji ya chini. Ya chini yanatulisha, ya juu yanatumaliza. Mtoto wa chekechea anajua hilo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mtu anayehitaji kuelezwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma na bati la kijani ambalo mume wangu alilichagua kwa ubishi. Tuliijenga chumba baada ya chumba. Msimu mzuri wa vitunguu uliongeza kimoja, msimu mbaya ukatuachia kuta bila linta. Tuliishi watatu: mimi, mume wangu, na mama yake, ambaye miguu ilishagoma na alikuwa akitembea kwa kushika ukuta. Watoto wamekuwa watu wa mijini, wanatupigia simu Jumapili. Mali nyingine ya kuitwa mali hatukuwa nayo. Nyumba ile ikienda, nasi tumekwenda.

Na ilikaa karibu na korongo. Hatukupapenda pale, ndipo tulipopata.

Kilichotupeleka kwenye bima ni jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa akiwapikia wapakiaji wa malori. Alitoka asubuhi kwenda kusaga mahindi. Aliporudi na unga wake kichwani, kona ya jiko ndiyo iliyokuwa imesimama, na sufuria bado iko juu ya mafiga. Kwingine kote kulikuwa na tope linalong'aa kwa jua. Alinikuta nimesimama pale na watu wengine, akaniuliza kama nimeiona nyumba yake, kama mtu anavyoulizia kuku. Mimi ni mtu wa maneno mengi, watu wananijua, lakini siku ile nilikosa hata pole.

Tangu hapo tulilala usingizi wa mang'amung'amu. Maji ya juu hutanguliwa na sauti ya mawe yanayogongana korongoni, na masikio yetu yalikuwa huko hata tukiwa mezani. Mama mkwe alilala chumba cha mbele, hatua chache na mlango, na mume wangu alimzoeza kupanda mgongoni kwake. Mama alilalamika kwamba anafanywa gunia, lakini alipanda. Ilikuwa taabu, na ilitufaa.

Kisha mume wangu akasikia habari ya bima kwa madereva wa utalii pale Karatu. Mtu anayeendesha Wazungu siku nzima huokota maneno mengi, na hilo la kukatia nyumba bima lilimkaa mume wangu kichwani akawa halali usingizi. Wakala wa kwanza tuliyemfuata alituuliza tunakaa wapi, tukamwambia, akafunga kalamu yake. Kule bondeni hawafiki, alisema, kana kwamba tumetaja Kongo. Wa pili alikuwa mwanamke wa rika langu kutoka Arusha, mchangamfu, na yeye alishuka mwenyewe mpaka kwetu. Sina ubaya naye hata leo. Alikula ugali wetu, akamwamkia mama kwa magoti kabisa.

Mama akamwambia, "Ajali haina kinga, mwanangu."

"Ndiyo hiyo kinga yenyewe nimekuletea, mama," akajibu, na sote tukacheka.

Tukakaa sebuleni tukachagua. Moto tukautaka. Upepo tukautaka kwa mikono miwili, maana ule unaotoka ziwani na vumbi la magadi umeshang'oa mabati ya wengi. Kwenye wizi tukasita, kisha tukauchukua. Mume wangu akauliza habari ya tembo.

"Wanyama hawamo, baba."

"Basi tembo wajue hilo, wasije."

Yule dada alikuwa na subira. Akageuza ukurasa, akasema, "Sasa tuje kwenye maji. Maji ya juu yamo humohumo kwenye kinga ya kawaida. Maji ya chini ndiyo yana nyongeza yake. Watu wengi wa mabondeni huwa wanaichukua."

Mume wangu akamtazama, akanitazama mimi, akaangua kicheko. "Ya chini? Dada, ya chini ni ya vitunguu!"

"Hayajawahi kuwasumbua?"

"Yanatusumbua yakikosekana," nikadakia mimi, maana siwezi kupitwa na neno tamu.

"Haya. Uamuzi ni wenu."

"Tupe ya juu," akasema mume wangu. "Ya juu ndiyo tunayoyaogopa."

Mama, kwenye kigoda chake, akasema kitu kwa Kiiraqw. Alisema, mwulize kama amewahi kuyaona. Mgeni akataka kujua mama anasemaje. Mume wangu akamwambia, "Anasema karibu sana."

Nikikumbuka miezi iliyofuata ndipo ninapoogopa zaidi, kuliko ninapokumbuka siku yenyewe. Tulilala. Tulilala kama watu waliokunywa dawa. Joto lilipozidi, mume wangu alihamisha kitanda cha mama kutoka chumba cha mbele akakipeleka cha nyuma, upande wa korongo, kwa sababu dirisha la kule linaingiza hewa. Nilimsaidia kukibeba. Mazoezi ya mgongoni yakaisha. Korongo lilikuwa linakula ukingo wake kidogo kidogo, mchongoma uliokuwa ndani ya ua wetu ukajikuta mizizi inaning'inia, nami niliuona kila nilipokwenda kumwaga maji ya vyombo. Nilipomwonyesha mume wangu alisema, "Tuna bima." Jirani walipoitana kutazama mlima, alisema, "Tuna bima." Likawa jibu la kila kitu mpaka nikamwambia siku nikifa asimwambie padri hivyo.

Masika ilipoanza nilipanda Karatu kununua mbegu na dawa za shamba. Muuza duka wangu wa siku zote alikuwa anapaka rangi dari, duka zima linanuka. Akaniambia kwa furaha kwamba mvua ilipenya kwenye paa ikamwaga dari lote, na bima imemlipa bila maneno.

"Nina bahati nilikata ile yenye maji ya juu," akasema.

Nikacheka. "Nyie mko Karatu, maji ya juu yatawafikaje? Nyie ndio juu kwenyewe."

Naye akacheka, akidhani namtania. "Juu si hapo?" Akanyoosha brashi kwenye paa. "Yanayoingia kwa juu. Yale ya chini ni yale yanayokuja yakitambaa, mafuriko. Hayo wakayakatie nyie wa mabondeni."

Niliendelea kucheka kidogo, mdomo peke yake, kama gari lililozimwa likiwa kwenye mteremko. Nikaomba kiti. Nikampigia yule dada wa bima, nikamwuliza swali moja, maji ya chini ni yapi.

"Mafuriko, mama," akasema, kwa upole uleule. "Si niliwauliza? Baba akasema hayawasumbui."

Nilitaka kumtukana. Nikatafuta tusi, nikakosa pa kulipeleka. Alikuwa ameuliza kweli, nasi tulijibu kweli. Nikamwomba aiongeze hiyo ya chini siku ileile. Akasema atakuja kuikagua nyumba wiki inayofuata, na kinga haianzi kabla ya ukaguzi.

Nilitoka nje nipate hewa. Barabarani magari ya watalii yalikuwa yanashuka kutoka geti la hifadhi kule juu, yote yamewasha taa mchana ule, yanachuruzika maji. Dereva mmoja alisimama kununua soda. Akamwambia mwenzake kwamba huko juu hakupitiki, mvua inanyesha kama inadai. Nikageuka kuitazama Oldeani. Haikuwepo. Mahali pa mlima palikuwa na ukuta mweusi kutoka ardhini mpaka mbinguni, na upande wa kwetu, bondeni, jua lilikuwa linawaka vizuri tu.

Nikampigia mume wangu. Mtandao wa kwetu ni wa kuomba Mungu, lakini akapokea.

"Mlima umefunga," nikamwambia. "Mtoe mama."

"Huku jua kali. Nimeanika vitunguu."

"Nasema mtoe mama!"

"Mama amelala. Hata yakija, si tuna..."

"Hatuna! Ile bima haina maji ya juu, unanisikia? Achana na vitu, toka!"

"Nini? Bima?"

"Toka! Toka sasa hivi!"

Sauti yake ilikwenda ikarudi, inakatikakatika. "Bima... haya... sawa. Nimekusikia." Simu ikafa. Nikapiga tena na tena, nikajibiwa na yule mwanamke wa kwenye simu ambaye hajawahi kuwa na shida duniani.

Mbegu niliziacha dukani. Nikapata lori tupu lililokuwa linashuka kupakia vitunguu, nikakaa mbele na dereva, na nina hakika nilimchosha, maana nilikuwa nasali kwa sauti na kumgombeza hapohapo aongeze mwendo. Nilisali kwa ajili ya watu wawili. Ya nyumba sikuitaja, nikihofia kuomba vingi. Kila tulipozunguka kona niliona bonde limelala kwenye jua, jeupe, limetulia, na utulivu ule ulinitia hofu kuliko ngurumo. Huko chini kulikuwa na watu wanaong'oa vitunguu, wameinama, migongo yao imegeukia mlima.

Tulipofika kwenye kivuko dereva akafunga breki. Barabara ilikuwa imeingia kwenye kitu chekundu kinachokwenda. Magogo yalipita, na ndama mmoja, na mlango wenye komeo. Nilisikia mawe yakigongana mle ndani, nikashuka nikakimbia kwa miguu kwa njia ya juu ya shule. Sijui nilikimbiaje. Mimi si mtu wa kukimbia.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa watu. Mama alikuwa ameketishwa kwenye dawati nje ya darasa, kanga yake kavu, viganja vimekaa juu ya magoti. Nikamshika uso. Nikamwuliza mwanawe yuko wapi.

"Alinileta, akarudi," akasema.

"Kurudi wapi?"

"Nyumbani. Amesema umempigia, umemwambia kuna kitu lazima akitoe."

Sikuelewa. Nilimwambia aache vitu, nililipigia kelele neno hilo barabarani mpaka watu wakageuka. Nikasimama nikatazama upande wa kwetu. Bati la kijani lilikuwa bado liko pale, linameremeta. Kisha likainama taratibu upande wa korongo, bila haraka, kama mtu mzima anayekaa chini, na halikuinuka tena. Watu nyuma yangu wakasema "Yesu". Nyumba ya miaka yote ile ilikwenda mbele ya macho yangu na sikuiona, nilikuwa natafuta kichwa cha mtu.

Alitokea kwa upande wa mashamba, anapanda kwa mikono na miguu, tope limemfika kifuani, kiatu kimoja hakipo. Bega lilikuwa limechubuka linatoa damu. Nilipomfikia nilimpiga, kweli nilimpiga, kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha nikamkumbatia, kisha nikampiga tena. Alikuwa anatetemeka, na alikuwa anacheka. Ndani ya shati alikuwa amefumbata mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Akanipa.

"Usilie," akasema. "Nimeitoa. Ukuta ulinikosa kidogo tu, lakini nimeitoa, kama ulivyosema."

Ilikuwa hati ya bima. Kavu kabisa.

Mtu mwenye busara angenyamaza mpaka kesho. Angemtafutia maji ya kunywa, angemwosha lile bega, angemwacha alale na ushindi wake. Mdomo wangu haujaumbwa hivyo. Nikamwambia palepale, amesimama, maji yanamchuruzika: ya juu ni yale ya kwenye paa, ya chini ndiyo haya, na haya tuliyakataa tukacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainua uso akatazama mbinguni, ambako hapakuwa na hata wingu, kisha akautazama mlima, kisha akanitazama mimi, kwa heshima, kama mwanafunzi asiyetaka kumkosoa mwalimu.

"Sasa haya," akasema, "yametoka wapi?"