Siku Niliyomchezesha Mama Mkwe Kanisani

Chekeni tu, ila mimi hata leo nikiona kinanda cha kanisa natafuta mlango, na niliwahi kukutana na simba wa Rukwa bila kutoka jasho (simba mwenyewe alikuwa mbali kidogo).

Nilikuwa namchumbia Tabita kule Ihanda, baba yake mzee wa kanisa, hajasema ndiyo wala hapana. Binamu yangu Simoni alikuwa amerudi na gitaa kutoka migodini Rodesia, akanifundisha wiki mbili kupiga bila wimbo, vidole vinajitungia vyenyewe. "Ukikosea usishtuke," aliniambia. "Rudia kosa mara mbili, watu watadhani umekusudia."

Jumapili hiyo mpiga kinanda kashikwa na homa, mzee akauliza nani atapiga kidogo wakati mchungaji yuko njiani. Mkono wangu huu ukapanda. (Kinanda sijawahi kukigusa, nikajiambia, si ni kama gitaa tu?)

Nikakaa, nakanyaga pedali mpaka benchi linalia. Mama mkwe yuko upande wa wanawake, kajifunika kitambaa usoni, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani, wakikutana njiani mmoja anaingia porini, sembuse kuchezeana ngoma. Nikagusa, nikakosea. Nikarudia mara mbili. Mara ya tatu kosa likageuka ngoma ya pombe, ile ya mavuno kabisa, na kuacha naogopa, kuendelea naogopa, nikaendelea. Nikasikia kigelegele. Kugeuka, mama mkwe kasimama, kitambaa chini, mabega yanakwenda. Tukatazamana macho kwa macho.

Vidole vikaganda. Jasho lililonitoka lingemwagilia kahawa ya Mbozi nzima.

Mzee akaja taratibu, akaniinamia. "Ukiwa mkwe wangu, hapa mwiko umevunjwa. Usipokuwa mkwe, mke wangu kacheza tu."

Nikaelewa: ili kumwokoa mkewe na aibu, ananinyima Tabita, tena hapo hapo. Nikatafuta mlango kwa macho.

Ndipo mama mkwe, keshajifunika tena, katugeuzia mgongo, akasema na ukuta: "Baba Tabita, mwambie mkwe wangu aondoke kwenye hicho kinanda."

Mkwe wangu. Niliondoka mbio, ndoa ikafungwa, na kinanda sijakigusa tena wala sitakigusa, hata mchungaji anipigie magoti. Ila tukikutana njiani, mama akikwepa kuingia kwenye mahindi, huwa naona bega moja linaruka kidogo.