Mchoraji wa Kijerumani na Ukuta wa Mama

Mchoraji wa Kijerumani aliyewahi kupanga chumba kwetu Murusagamba sasa ni mtu mkubwa huko kwao. Najua kwa sababu alinitumia kitabu cha picha zake, kizito kama tofali, chenye kurasa mbili za safari yake ya kazi. Vyuo vyake vimetajwa. Walimu wake wa chuo wametajwa mmoja mmoja, na miji yote aliyofanyia maonyesho. Kisha mstari mmoja tu: alikaa miezi kadhaa Tanzania, akajigundulia mwenyewe rangi za udongo.

Akajigundulia mwenyewe. Nilikifunga kitabu nikaenda kuchambua maharage, maana ningeendelea kusoma ningekitupa.

Alipofika kwetu hakujua hata kuchanganya udongo na samadi. Mama ndiye aliyemfundisha. Alimwonyesha pa kuchimba ule mweupe kule bondeni, na namna ya kusukuma kiganja ukutani badala ya kuparuza kwa brashi. Akampa ukuta wa nyuma ya jiko auharibu apendavyo, naye akauharibu kweli. Mama hakumdai shukrani nyingine. Alitamani tu kusikia mtu yule akisema, mbele za watu, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Kila barua ilipokuja aliniuliza, "Amesema?" Nami nilijibu, bado, mama.

Mwaka jana akarudi na dada mmoja wa kamera, kurekodi filamu ya maisha yake. Walitokea Lusahunga kwa gari la kukodi, vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa mkalimani. Bwana huyo akapitiliza hadi nyuma ya jiko, akasimama, akashika kichwa. Mama alikuwa amesiriba ukuta wote upya. Mgeni anakuja, utamkaribishaje kwa ukuta wa zamani? Kwetu hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Yeye alitaka maparuzo yake ya ujana, akanung'unika kwamba kazi yake ya kwanza imefutwa. Hapo nilimchoka kabisa.

Dada wa kamera, ambaye angalau alikuwa na macho, akamgeuzia mama kamera. Mama alikuwa amesimama kando, udongo bado umemganda mikononi. Dada akamuuliza mchoraji kwa Kiingereza, "Huyu mama ni nani kwako?"

"Mwenye nyumba niliyopanga," akasema.

Mama akanivuta kitenge. "Amesema nini?"

Nilimtazama yule bwana, mvi zimemjaa, ameshageukia ukuta wake. Nikamgeukia mama.

"Amesema wewe ndiye mwalimu wake."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, akaenda kunawa. Jumapili baada ya misa aliwasimulia wenzake wa jumuiya, mmoja baada ya mwingine, na kila alipofika kwenye neno hilo alinigeukia nithibitishe. Nikathibitisha.