Farasi Wasiotakiwa Kazi

Pale mlimani, juu ya Makumira, Eliasi alikuwa mtu wa kawaida kabisa: kahawa kidogo, migomba, ng'ombe mmoja wa maziwa, kanisani kila Jumapili. Kitu kimoja tu kilimtofautisha na wenzake. Tangu ujanani alikuwa saisi, mtunza farasi, kwenye shamba la mzungu mmoja huko chini Usa River. Wenzake walikuwa wakikata mkonge, yeye anapiga brashi migongo ya farasi, na kila jioni anawasha moshi bandani kufukuza mbu.

Halafu mzungu akauza shamba arudi kwao. Farasi wenye nguvu walipata wa kuwachukua. Wakabaki wawili, Sultani na Malkia. Sultani meno yamekwisha, Malkia jicho moja limeingia ukungu. Mzungu akatoa bunduki. Ndivyo walivyozoea wao: farasi akishazeeka anapigwa risasi, na wanasema ni kumhurumia.

"Bwana, nipe mimi," Eliasi akasema.

"Utawafanyia nini? Hawawezi kazi."

"Sitaki wafanye kazi. Wameshafanya."

Mzungu akamtazama kama mtu aliyepatwa na homa, kisha akairudisha bunduki yake ndani.

Basi Eliasi akapanda mlima na farasi wake, mmoja kila mkono. Watu wakatoka vihambani, kwenye mashamba yao ya nyumbani, kutazama. "Eliasi, hao ndio maharusi?" mmoja akapiga kelele kutoka ng'ambo ya mfereji, na njia nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafikiria atamwambia nini mke wake.

Ruth alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Tabitha, hao wanakamwa?"

"Hawakamwi."

"Wanaliwa?"

"Nani ale farasi!"

"Sasa wanafanya nini?"

"Wamestaafu."

"Wamestaafu!" Ruth akamgeukia ng'ombe wao kana kwamba anamuomba awe shahidi. "Na mimi nitastaafu lini?"

Hilo swali lilikuwa na haki yake. Mlimani hakuna malisho. Kila mahali ni kahawa na migomba, kihamba cha mtu kinagusa cha mwenzake, na ng'ombe anafungwa ndani analetewa chakula. Ng'ombe ukimkatia mgomba vipande vipande anakula, anashukuru. Sultani aliunusa mgomba, akageuza uso pembeni kama mgeni aliyewekewa ugali wa jana. Alitaka majani, tena laini, tena yakatwe madogomadogo kwa sababu ya meno. Na majani yako bondeni, na anayeyabeba kichwani kupanda nayo ni Ruth.

Kilichomchoma Eliasi zaidi ni lile shamba la mzungu. Tajiri mpya alikuwa hajafika, na majani yamefika kiunoni, yanakauka na kuanguka yenyewe, hakuna wa kuyala. Alikwenda kumuomba mlinzi, Simel, aliyekuwa akila naye chakula cha mchana miaka yote.

"Rafiki yangu, niruhusu nikate mzigo mmoja tu."

"Mzee, nikikuruhusu mimi ndio nitatafuta majani ya kula."

Eliasi akabaki ameshika waya wa uzio. Babu yake alichunga pale kabla ya waya. Sasa hata majani ya kuanguka ni ya mtu ambaye hata sura yake haijulikani. Akatukana kwa Kimeru, tusi ambalo mzee wa kanisa hatakiwi hata kulijua, akapanda nyumbani mikono mitupu.

Ndipo akakumbuka desturi. Mlimani, mwenye ng'ombe wengi huwagawa kwa jamaa: wewe unamlisha, maziwa na samadi ni vyako, mnyama anabaki wangu. Akamwendea shemeji yake Aminiel, kaka wa Ruth, ambaye kihamba chake kilikuwa na kipande kizuri cha majani karibu na mto.

"Shemeji, nikuwekee Sultani. Akae kwako mpaka afe. Samadi yote yako."

Aminiel akazunguka farasi, akampiga shingoni taratibu. "Mlete," akasema.

Eliasi alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza. Na Ruth akapunguziwa mzigo, akaanza hata kumwita Malkia kwa jina.

Siku kahawa zilipokuwa zinapelekwa chama cha ushirika, Eliasi akawa anashuka na mzigo wake kichwani. Mbele yake akaona mkia anaoujua. Sultani, magunia huku na huku, magoti yanatetemeka, na Aminiel nyuma yake na fimbo.

Eliasi akautupa mzigo wake chini. "Aminiel! Unafanya nini?"

"Napeleka kahawa, shemeji. Hujambo?"

"Tulikubaliana apumzike!"

"Tulikubaliana kwa desturi. Ukiniwekea ng'ombe, maziwa ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Haya. Huyu nimkamue wapi? Maziwa yake ni mgongo."

Watu waliokuwa njiani wakacheka, lakini wakatikisa vichwa kukubali. Hata Eliasi alilisikia lile neno likikaa mahali pake sawasawa, na hicho ndicho kilichomkera. Kama angekuwa ameibiwa, angegombana. Akafungua kamba, akashusha magunia ya shemeji yake moja moja, akayaweka kando ya njia. Akarudi na farasi huku anazomewa.

Nyumbani hakuingia ndani. Alichukua panga, akaenda moja kwa moja kwenye kahawa, akapiga mti wa kwanza. Ruth akatoka mbio.

"Baba Tabitha! Una wazimu? Watoto watasoma kwa majani?"

"Hawa farasi wapewe majani wapi, mama Tabitha? Chini kuna waya. Kwa kaka yako kuna magunia. Niambie, wapewe wapi?"

Ruth akageuka. Akamtazama Sultani, alama za kamba bado ziko mbavuni. Kisha akamshika mumewe mkono wenye panga, akamvuta hadi mistari ya chini karibu na mfereji, kahawa iliyopandwa na baba yake Eliasi.

"Kama lazima ukate, acha ile changa. Kata hii. Imezeeka, haizai kitu, inakula mbolea bure."

Eliasi akataka kusema kwamba nayo imeshafanya kazi yake. Akaitazama ile miti minene, magamba yake, kisha akamtazama mke wake, ambaye uso wake haukuwa na utani wowote. Kwa hasira akainua panga akaanza kukata, akikata vibaya, vipande vinaruka ovyo, na Ruth nyuma yake anaburuta matawi kusafisha mahali pa kupanda majani.