Nani Aliujenga Tadmori

Ilianza Jumanne, tarehe 10 Novemba 2009, saa nne na robo asubuhi, mwalimu wetu wa historia aliponirudishia karatasi yangu. Nilikuwa darasa la tisa, katika shule ya Kiswidi. Kila mmoja wetu alipewa mji wa kale aueleze mbele ya wenzake, na mimi nikaangukiwa na Palmira, mji wa biashara uliokaa kwenye chemchemi katikati ya jangwa la Siria. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa imepigwa mstari mwekundu.

"Umeandika mji huu ulijengwa na mfalme wa Israeli. Umeyatoa wapi haya?"

"Kwa mama," nikasema.

Darasa likacheka. Mvulana aliyekaa nyuma yangu akaimba, "Halelu-u-ya!" Mwalimu akamkaripia, kisha akaniinamia na kusema kwa upole kwamba wachimbuaji wa mabaki ya kale wamegundua mji ule ni mkongwe kuliko huyo mfalme. Nirekebishe, kesho ni zamu yangu. Upole wake ulinitisha kuliko kicheko. Mimi hata ruhusa ya kwenda chooni nilikuwa naona haya kuomba, nabana mpaka kengele ilie.

Kosa lilitoka nyumbani. Nilipomtajia mama jina la zamani la mji, Tadmori, alijishika mashavu kwa furaha. "Huo! Mfalme mwenye hekima aliujenga jangwani, Maandiko yanasema. Na wewe, mwanangu, Mungu amekupa kuwaambia wazungu!" Nikaandika bila kufikiri. Kwetu neno la Maandiko halitafutiwi shahidi.

Jioni ile kikundi cha maombi cha mama kilikuwa kikutane kwetu. Nilipanga kumwambia mama kabla hawajafika, lakini nilipofungua mlango wa nyumba yetu, pale kitongojini Rågsved, viatu vilikuwa vimeshajaa kizingitini. Akina mama watano, Wakongo na Warundi, wamekaa.

"Huyu hapa mhubiri wetu!" mama akasema. "Kesho anafundisha Waswidi."

"Simama utuonjeshe, binti," akasema mmoja wao. "Sisi hatutoi alama."

Nikasimama. Kwa Kiswahili maneno yalikuja yenyewe: ngamia waliobeba hariri na manukato, wafanyabiashara waliomsimamishia sanamu kiongozi wa msafara kwa kuwavusha jangwani wakiwa hai. "Eeh!" wakaitikia, kana kwamba kiu ya jangwani ni yao. Kisha mama akauliza, "Na aliyeujenga?"

Nikajibu, "Mfalme mwenye hekima."

"Amina!" Wakaniwekea mikono kichwani, wakaniombea nisiogope. Mikono ilikuwa na joto, na chini yake niliogopa kuliko siku zote, kwa sababu walikuwa wanamwombea mwongo. Nikisema anavyotaka mama, darasa litacheka tena na mwalimu atanifelisha. Nisiposema, mama ataniuliza, na uso wangu haujui kuficha kitu.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa anafunga kamba za viatu aende kazini, usafi wa uwanja wa ndege. Nikatoka chumbani, miguu mitupu. Siku zote mimi nilikuwa namjibu kwa Kiswidi, lakini hilo nililisema kwa Kiswahili.

"Mama, mwalimu anasema mji ulikuwepo kabla ya mfalme. Na mimi naona ni kweli."

Akamaliza kufunga kamba. "Unaniambia leo, baada ya kuombewa?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mimi?" Akanitazama kama mtu aliyeguswa kidonda. Nikatamani anipigie kelele. "Basi waambie na ninavyoamini mimi," akasema, akavaa koti, akaondoka. Treni ya Märsta, ya upande wa uwanja wa ndege, haingoji.

Saa mbili na nusu nikasimama mbele ya darasa. Nikaiweka karatasi mezani. Nikasema wachimbuaji wanaona mji ni wa zamani kuliko mfalme yule, lakini Maandiko yanasema yeye ndiye aliyeujenga, na mama yangu anaamini hivyo. Huko nyuma mtu akacheka puani. Nikaanza habari za ngamia.