Nilifaulu mtihani wa kompyuta pale Korogwe, Mwanaidi akafeli

Wakuu, heshima kwenu.

Naona mnabishana humu kwamba ukimpima kijana wa coding kwenye usaili, unajua kabisa atafika wapi. Mimi ni mzee. Nawaeleza yaliyonikuta, sina cha kuongeza.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa shamba la mkonge huko Korogwe, nimepanga chumba Masuguru. Akaja bwana mmoja kutoka Dar na karatasi zenye maumbo na mishale. Eti anatafuta vijana wa kufundishwa kuandika programu za kompyuta.

Kompyuta yenyewe hakuna aliyewahi kuiona!

Nikamshuku. Watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, nikahisi tunaandikishwa kijanja. Ila kukataa niliogopa zaidi.

Mtihani tulifanya wawili, mimi na Mwanaidi, mpiga taipu wa shamba, Mzigua wa Mazingara. Katikati ya mtihani Mwanaidi akanyoosha mkono.

"Samahani mzee, swali la tisa halina jibu."

Yule bwana akanuna. "Binti, hapa unajibu, huulizi."

Mimi hilo swali nilibahatisha tu. Nikachaguliwa. Yeye akaambiwa hana kichwa cha kazi hiyo.

Mwaka wa pili, nipo Dar, namwona nani ofisini? Mwanaidi! Kaajiriwa kutoboa kadi, maana programu zilitobolewa kwenye kadi ndipo mashine izisome.

Kila nikimpa programu yangu, anaisoma kwanza. Nikasema huyu kaja kunichimba. Nikaanza kumpelekea dakika za mwisho, nasimama pembeni asipate muda wa kusoma.

Siku moja orodha ya shehena za mkonge ikatoka pungufu, marobota ya Korogwe hayamo. Moyoni nilijua kosa ni langu. Nikamwambia mkubwa wetu, "Mtoboa kadi kakosea."

Mwanaidi akaitwa. Akaleta kadi zote, akazilinganisha na mwandiko wangu mstari kwa mstari. Akaonyesha mstari mbovu, kisha namna ya kuurekebisha.

Mkubwa akaagiza orodha itolewe upya.

Kule nje nikamuuliza, "Umeanza lini kunichunguza?"

"Kaka, nilikuwa najifunza. Makosa yako mengine nilikuwa nayarekebisha. Hili hukunipa muda wa kuliona."

Nilikosa pa kuficha uso.

Yeye alipelekwa mafunzo, akaandika programu mpaka akastaafu. Mimi nilirudishwa ukarani, baadaye nikaenda kulima kijijini Kerenge. Radhi nilimwomba, tena nimechelewa sana.

Somo langu ni kwamba nilimshuku kila mtu, isipokuwa kazi yangu mwenyewe.

Sasa nyie mnaoajiri madeveloper, mtu wa namna ya Mwanaidi mnamjuaje siku ya kwanza? Nasoma majibu yenu, hata ya kunisema.