Bi Taratibu Huisoma Simu Hadi Chini

Saa mbili asubuhi, fundi simu anafuta miwani yake, anaipokea simu ya mteja wa kwanza kwa mikono miwili, kisha anamtazama usoni kabla ya kufungua kinywa. Mteja huyo, mama mtu mzima, hasikii. Husoma midomo.

"Shikamoo, mama. Imepatwa na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Tundu la laini limekufa. Binti yangu amejifungua ughaibuni, na Jumamosi atanionyesha mjukuu kwa simu ya picha. Nitamwonea wapi?"

"Si umpe tu simu ya vitufe, Bi Taratibu?" mshona viatu wa meza ya jirani anamdakia fundi.

"Vitufe vina midomo?" fundi anamjibu. "Shona viatu, baba."

Limebaki tumaini moja: simu hiyo iwe inakubali eSIM, yaani laini inayokaa ndani ya simu yenyewe, isiyohitaji kadi wala tundu. Mama anatoa boksi lililoandikwa kwamba inakubali. Fundi analisogeza kando.

"Boksi ni sifa za mchumba," anasema. "Simu za jina moja hutofautiana kulingana na nchi zinakouzwa. Tuiulize yenyewe."

Anabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Zinatokea namba mbili ndefu, zote IMEI, ambazo ni utambulisho wa simu. Inayotafutwa ni EID, namba ya eSIM yenyewe, nayo haionekani. Mama, aliyekuwa akiusoma uso wa fundi, anaanza kulikunja boksi lake.

"Ngoja, mama."

Kwa miaka kumi na mmoja ya kazi hii, mwanamke huyu hupima simu zipatazo ishirini kwa siku. Hapo awali wateja walimwita Bi Chapuchapu, naye akajivunia. Ndipo alipomwambia mzee mmoja kwamba simu yake haikubali eSIM, kumbe EID ilikuwa chini zaidi, naye hakuteremsha kioo. Mzee akaiuza simu nzima kwa bei ya mbovu.

"Nilimtafuta wiki nzima," anasema bila kujitetea. "Haraka ilikuwa yangu, hasara ikawa yake."

Sasa kidole chake kinateremsha kioo polepole. EID. Anazihesabu tarakimu zote thelathini na mbili, ndipo anapoinua uso.

"Ipo, mama."

"Rudia."

"Ipo."

Wanavuka barabara pamoja hadi duka la kampuni ya simu, na saa nne wanarudi laini ikiwa imehamishiwa ndani. Fundi anampigia simu ya picha. Wameketi magoti yakigusana, lakini mama hamtazami fundi, anatazama kioo.

"Hongera, bibi."

"Nimeona!" mama anasema, machozi yakimlenga. "Umesema bibi."

Bi Taratibu anakusudia kusimamisha kibao mezani chenye hatua hizo, ili kila mpita njia ajipimie mwenyewe bila malipo. Mstari wa mwisho utakuwa na herufi kubwa kuliko zote: TEREMSHA HADI CHINI.

"Huenda yule mzee akapita," anasema. "Akiusoma, atajua kwamba namwomba radhi."