Mara ya Sita ya Nusura

Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, fundi bomba mwenye mke, wateja na goti linalolia kama bawaba kavu, anatafuta nini juu ya pikipiki milimani? Muulize mwenyewe, hana jibu. Siku sita za wiki analala chali chini ya masinki ya watu, maji machafu yakimdondokea shingoni. Ya saba, badala ya kulala kama binadamu wengine, anakwenda kupandisha pikipiki mahali ambapo hata mbuzi angefikiri mara mbili.

Kazini walimbatiza Nusura. Mashindano ya mlimani, yale ya mawe, magogo na makorongo, aliyaingia mara tano na mara zote tano hakumaliza. Mara ya kwanza mnyororo ulikatika, ya pili mtulinga wake ukavunjika, nyingine zote muda ulimwishia. Sheria ni moja na haina huruma: ukivuka utepe wa mwisho kabla ya saa kumi jioni, umemaliza, ukichelewa hata kidogo, jina lako haliandikwi. Kushinda aliwaachia vijana wenye matairi mapya. Yeye alitaka kumaliza tu, mara moja, kabla hajazeeka.

"Baba watoto, sikio la kufa halisikii dawa," mkewe alimwambia, mikono imo kwenye beseni la nguo zake za matope. "Haya, nenda. Lakini hii ya sita ndiyo ya mwisho. Umalize usimalize, pikipiki inauzwa."

"Sawa, mama."

Basi saa tisa na nusu ya siku ya mashindano ilimkuta hoi bin taabani. Vidole vilikufa ganzi kwa kubana klachi, mgongo ulikuwa si wake tena, na kuanguka alishaacha kuhesabu. Lakini, lo! Utepe wa mwisho ulionekana kwa macho, juu ya mwinuko mmoja tu wa mawe. Nusu saa nzima anayo. Hajawahi kufika karibu hivyo tangu azaliwe.

Hapo chini ya mwinuko alimkuta mwalimu wa hesabu, mshiriki mwenzake. Walijuana kwa kuanguka pamoja miaka yote. Pikipiki ya mwalimu ilikuwa imenasa katikati ya mawe mawili. Sasa hawa wa mkiani wana desturi yao: aliyekwama hapitwi. Unalaza yako chini, unamvuta, kisha naye anakuvuta. Nusura akalaza yake, akafunga koki ya petroli isimwagike, akashika kamba.

"Moja, mbili, vuta!"

Dakika kumi zikaenda. Mwalimu akapanda, akavuka utepe, akashuka tena kwa miguu kumsaidia mwenzake. Muungwana yule. Nusura akawasha, akapanda nusu ya mwinuko, injini ikakohoa ikazima. Akapiga kiki mpaka mguu ukagoma. Akatoa plagi, akaisugua, akairudisha. Wapi! Akafungua kabureta, mwalimu akishika skrubu kwenye kiganja.

"Kavu," Nusura alisema. "Petroli haifiki."

Mwalimu akainama, akatazama. "Fundi, koki umefungua?"

Jamani! Miaka ishirini na miwili ya mabomba, mkono wake unafunga koki bila hata kumuuliza mwenyewe. Ni akina mama wangapi walimwita kwa sababu maji hayatoki, akakuta valvu imefungwa, akawacheka mpaka mlangoni?

Alivuka saa kumi na dakika nne. Msimamizi, dada mwenye saa shingoni, alikuwa anakunja utepe.

"Dakika nne!" mkewe alifoka, maana alikuwa amesimama pale tangu mchana. "Ametoka tangu alfajiri, amemvuta na mwenzake! Andika!"

"Mama, sheria ni sheria."

Nusura alikwishakaa chini. Glavu zilimshinda kuvua. Mkewe akaja kumvua kidole kimoja kimoja, machozi yanamtiririka bila aibu, yeye aliyeyalaani mashindano haya miaka yote.

"Usilie," Nusura alisema. "Nimechoka, mke wangu. Si leo tu. Nimechoka tangu mara ya tatu."

Mama wa watu akabaki na glavu mkononi. "Sasa si ungesema tu? Nani alikushika?"

"Hakuna. Nilidhani nikimaliza ndipo nitaruhusiwa kupumzika."

Mkewe aliweka glavu chini. Akafuta uso kwa kiwiko, akapiga magoti, akaanza kumvua mabuti. La kwanza lilitoka kwa shida. Alipoligeukia la pili, mumewe alikuwa ameshalala, ameketi vilevile, mdomo wazi, na kofia ngumu bado kichwani.